UZI: Kutoka videge vya uwanjani hadi ndege kubwa ya umeme ya kujifunzia – hesabu, vifaa na mwinuko wetu

#1 MenengaiJuu (Nakuru)

Wadau, swali hili limeulizwa vipande vipande kwenye nyuzi nyingi, sasa tuliweke mahali pamoja. Mtu anarusha kidege cha povu cha mita moja, gramu 500, betri ya 3S 1300 (seli tatu mfululizo, mAh 1300), na amekizoea. Anataka ndege ya kujifunzia ya umeme yenye mabawa ya mita 1.5 hadi 2. Abadilishe nini?

Nianze na kinachowatisha wengi bure, yaani urushaji wenyewe. Kidege cha gramu 500 chenye bawa la desimita mraba 20 kinabeba gramu 25 kwa kila desimita mraba. Ndege ya aina ya SIG Kadet LT-40, mabawa mita 1.78, eneo la kama desimita mraba 58, ikifika kilo 2.6 inabeba gramu 45. Ukiishia hapo utasema kubwa ni nzito karibu mara mbili. Ila ndege ikikuzwa, eneo hukua kwa mraba na uzito kwa mchemraba, kwa hiyo mlinganisho wa haki ni kugawanya uzito kwa eneo lililopigwa kipeo cha 1.5. Kidege kinapata 5.6, kubwa inapata 5.9. Tabia ni ileile angani, halafu kubwa inaonekana kwa mbali na haiyumbishwi na kila upepo mdogo.

Ugumu uko chini, kabla ya kuruka. Kwanza nishati: gramu 500 kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde ni jouli 36, kilo 2.6 kwa mita 16 ni jouli 333. Mara tisa. Makosa ambayo kidege kilikusamehe kwenye nyasi, hii haisamehi. Propela ya inchi 13 au 14 nayo haitaniwi, inakata kidole hadi mfupani.

Pili ni mwinuko wetu, na hapa maagizo ya kwenye boksi hayatusaidii kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Nakuru tuko kama mita 1,850. Kukiwa na nyuzi 25, uzito wa hewa ni asilimia 77 ya ule wa kawaida wa pwani. Kisumu, mita 1,130 na nyuzi 30, ni asilimia 83. Eldoret, mita 2,100 na nyuzi 22, ni 76. Matokeo ni mawili:

- Ndege inastoli, yaani bawa linaacha kubeba, kwa mwendo mkubwa zaidi. Hiyo LT-40 ya kilo 2.6 ikistoli kwa kama kilomita 28 kwa saa pwani, Nakuru itastoli kwenye 32. Machoni utaiona inatua kwa kasi, na ndivyo inavyopaswa.
- Propela inauma hewa kidogo. Mota ya umeme haikosi pumzi kama injini ya mafuta, lakini propela ileile itavuta ampea chache na msukumo utapungua. Uzuri wa umeme ni kwamba unaweza kuirudishia kwa kuongeza propela.

Nguvu: kwa ndege ya kujifunzia inayopaa kwenye nyasi, wati 180 kwa kilo zinatosha pwani. Huku ongeza robo hivi. Kilo 2.6 × 180 ni 468. Ukiongeza unapata 585, chukua 600. Hizo ni wati zinazoingia kwenye ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota), zimepimwa kwa mita ya wati huku betri imejaa, si wati zilizoandikwa kwenye karatasi ya mota.

Kwa wati 600: mota ya nje-inazunguka ya kama 700 Kv (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), uzito gramu 200 au zaidi (kadiria wati 3 kwa gramu moja ya mota, usizidishe). ESC ya 60 A. Betri ya 4S 5000. Kitabu kitakuambia propela ya 13x6.5 (kipenyo na hatua, kwa inchi), na kwa pwani ni sawa. Nakuru funga 14x7, washa throto (nguvu ya mota) yote sekunde tano tu, soma mita. Ikipita ampea 45, shuka 13x8. Siku ukienda nayo Mombasa, rudisha 13x6.5 kabla ya kugusa throto, maana hewa ya kule ni nzito kuliko yetu kwa zaidi ya asilimia 20 na ampea zitapanda karibu kiasi hicho.

Mengine wadau waongezee.

#2 mwanagenzi_lwanda

Asante sana mkuu. Kidege changu kina vidhibiti vitatu tu: throto, eleveta (kibao cha mkiani cha pua juu na chini) na usukani. Hakina eleroni, vile vibao vya mabawani vya kuilaza ndege. Nikiruka moja kwa moja hadi mita 1.8 nitakuwa nimeharakisha? Rimoti ni FlySky FS-i6, niibadilishe au inatosha?

#3 DadaEleroni (Kisumu)

Ndugu mwanagenzi, FS-i6 inatosha kabisa ikiwa na risiva (kipokezi cha ndani ya ndege) ya vidhibiti sita. Pesa ya rimoti mpya iweke kwenye chaja nzuri.

Kuhusu eleroni: pita kwanza kwenye povu la EPO la mita 1.5. Kipimo cha hapo ni kama ndege ya kujifunzia iitwayo Apprentice: mabawa mita 1.5, 3S 3200, propela 11x8. Sababu si woga. Povu likivunjika unaliunganisha na gundi jioni hiyo na kesho unaruka. Balsa ikivunjika unatafuta balsa, na balsa huipati duka la vifaa vya ujenzi la Kibuye. Kwa wati, pakiti ya 3S 3200 inatosha hapa Kisumu. Huko Nakuru na Eldoret jaribu propela kubwa kwa inchi moja, lakini soma ampea kwanza, maana ESC za ndege hizo mara nyingi ni za 30 A na hazina nafasi ya kuchezea.

Kitu kimoja kuhusu kutoka vidhibiti vitatu kwenda vinne. Kidege cha usukani kina mabawa yaliyoinuka sana kama V, ndiyo maana ukipiga usukani kinalala chenyewe na kugeuka. Ndege ya eleroni haifanyi hivyo. Ukiilaza kulia kwa eleroni, pua yake hukimbilia kushoto kidogo kwanza, kwa sababu eleroni inayoshuka inavuta hewa zaidi ya ile inayopanda. Dawa ni mbili, zitumie pamoja: eleroni ipande zaidi ya inavyoshuka, na kidole cha kushoto kiguse usukani upande uleule unaogeukia.

Vipimo vya kuanzia kwa mita 1.8, vipimwe kwenye ukingo wa nyuma:

Eleroni: milimita 12 juu, 8 chini.
Eleveta: 12 juu, 12 chini.
Usukani: 25 kila upande.
Ekspo (kulainisha kijiti karibu na katikati): asilimia 25 hadi 30 kwa zote. Rimoti hazikubaliani kama kulainisha ni jumlisha au toa, kwa hiyo angalia grafu kwenye skrini. Mstari lazima ulale katikati. Ukisimama wima katikati umeifanya ndege iwe kali mara mbili.

#4 soy_anga (Eldoret)

Dada, nakubaliana na mengi ila si hilo la povu kwanza. Mtu aliyezoea kidege cha mita moja kwenye upepo wa Uasin Gishu ana vidole tayari. Povu la mita 1.5 lenye jairo (kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe) linamfundisha kuegemea jairo. Balsa inafundisha kujenga, kupima, kuweka kitovu cha uzito. Na kuvunjika si mwisho: plaiwudi ya milimita 3 ipo kila mji, na ubavu wa bawa unaweza kukatwa kwenye hiyo, utoboe matundu kupunguza uzito. Ubavu mmoja au miwili ya plaiwudi haiharibu chochote, mradi usiubadilishe mkia kuwa plaiwudi. Gramu 30 za mkiani utazilipa kwa gramu 80 au 100 puani.

#5 DadaEleroni (Kisumu)

Kaka soy, kwa anayejua kushika msasa sawa. Kwa wengine nabaki na povu. Na jairo huzimwa kwa swichi. Anayeliegemea amependa mwenyewe.

Ila kwa kuwa limetajwa: jairo likiwekwa kinyume, ndege haidumu sekunde tatu. Kabla ya kuruka, inua ndege mikononi, uishushe bawa la kulia. Eleroni ya kulia lazima ishuke, maana inajaribu kuliinua bawa. Inamisha pua chini: eleveta lazima ipande. Zungusha pua kushoto: usukani uende kulia. Kisha rudia kwa vijiti vya rimoti. Hizo ni hundi mbili tofauti; kuna watu wanaogeuza eleroni kwenye rimoti na kudhani jairo nalo limegeuka.

#6 solda_na_volti (Kisumu)

Nichukue upande wa umeme, kwa sababu ndege nyingi kubwa zinazoanguka bila sababu zina sababu, na iko kwenye volti 5 za risiva.

Kidege kina servo (mota ndogo zinazosogeza vidhibiti) mbili au tatu za gramu 9. BEC, kipande kidogo cha kulisha risiva volti 5 kilichomo ndani ya ESC, kinazibeba. Ndege ya mita 1.8 ina servo nne au tano za ukubwa wa kawaida, gramu 40 kila moja, nguvu kilo 3 hadi 4 kwenye mkono wa sentimita moja. Servo moja ikikazwa inaweza kuvuta ampea moja au zaidi, za dijitali hata mbili. BEC ya kawaida, ile inayopunguza volti kwa kuzigeuza joto, ikilishwa 4S inapaswa kumwaga volti 11 kila mara. Ampea 2 × volti 11 ni wati 22 za joto kwenye kipande kidogo kama ukucha. Inapashika, inajizima, risiva inakufa, na kinachoonekana toka chini ni "mawimbi yamekatika". Rimoti inasingiziwa.

Kwa hiyo:

BEC iwe ya kubadilisha kwa kasi, angalau 5 A mfululizo. Ikiwa ESC yako haina hiyo, nunua BEC ya pembeni, na uchomoe waya mwekundu kwenye plagi ya throto inayotoka ESC. Usiukate, uvute pini yake nje ya plagi, uifunike na tepu. Ukiacha BEC mbili zikilisha risiva moja zinaweza kugombana.

Servo za gramu 9 zisitumike kwenye ndege ya mita 1.8 hata kama "zinaenea". Meno yake ya plastiki hayahimili, na mchezo ulio kwenye mkono wake unaleta kupapatika: eleroni inaanza kutetemeka yenyewe kwa kasi, unasikia mlio kama wa nyuki mkubwa, na sekunde chache baadaye bawa halina eleroni. Ukiusikia, throto chini mara moja na pua juu taratibu ili mwendo upungue. Usipige mbizi.

Nyaya za kurefusha servo za mabawani ziwe nene, 22 AWG zilizosokotwa. Kila kiungo kifungwe kwa uzi wa kushonea au tepu. Plagi ya eleroni ikichomoka angani hakuna la kufanya.

Kosa lingine la wanaohamisha betri mbele kupata uzito wa pua: wanarefusha nyaya kati ya betri na ESC. Hapo unaongeza mipigo ya volti inayoua ESC. Refusha nyaya tatu za kwenda mota badala yake, au kama huna njia, ongeza kapasita karibu na ESC. Desturi ni mikrofaradi 220 za aina ya upinzani mdogo kwa kila sentimita 10 unazoongeza, zenye volti za kutosha (25 V kwa 4S, 35 V kwa 6S).

Plagi: XT60 inatosha kwa 4S na ampea 45. Ukienda 6S, tumia zile za XT90 zenye kizuia cheche. Cheche ya 6S inachimba pini mpaka siku moja inakataa kushika.

#7 MenengaiJuu (Nakuru)

Swafi. Hapo kwenye BEC nilipaswa kupigia mstari. Nikijazia kwenye viungo: waya wa kusukuma eleveta kwenye ndege hii uwe milimita 2. Spoku ya baiskeli ni milimita 2, imetengenezwa kwa chuma kigumu, na uzi wa skrubu yake unaingia kwenye klevisi (kishikizo cha ncha ya waya) nyingi zilizokatwa kwa kipimo cha inchi, 2-56. Jaribu kwa mkono: ikikaza mizunguko kumi bila kuteleza, sawa. Kwa umbali unaozidi sentimita 30 spoku peke yake inapinda ikisukumwa, kwa hiyo ipitishe kwenye fimbo ya mbao au bomba la kaboni na ifungwe kwa epoksi na uzi.

Kila klevisi ivae kipande cha mpira cha bomba, milimita 4 hivi.

#8 mwanagenzi_lwanda

Nimeelewa. Na betri? Chaja yangu ni ile ndogo ya 3S inayotumia plagi za pembeni tu. Na umeme huku unapotea mchana kutwa.

#9 solda_na_volti (Kisumu)

Hiyo chaja iache kwa kidege. 4S 5000 ikichajiwa kwa kiwango cha 1C inataka ampea 5 × volti 16.8, wati 84. Chaja ya wati 100 yenye kusawazisha seli ndiyo ya chini kabisa. Ukipata inayokubali volti 12 za moja kwa moja, bora zaidi, kwa sababu umeme ukipotea unahamia betri ya gari.

Hesabu ya betri ya gari: 50 Ah × 12 V ni saa-wati 600. Usitumie zaidi ya nusu, utaiua. Zinabaki 300. Pakiti ya 4S 5000 ina saa-wati 74, unarudishia asilimia 80, yaani 59, na chaja inapoteza kiasi, kadiria 74 tena zitoke kwenye betri. Pakiti nne kwa siku basi. Isiwe betri ya gari litakalokurudisha nyumbani.

Volti za kukariri kwa seli moja: 4.20 imejaa. 3.80 hadi 3.85 ya kuhifadhi. Baada ya kutua na kupumzika dakika chache isiwe chini ya 3.7. Wakati wa kuruka isishuke 3.5 chini ya mzigo.

Muda: ndege hii ikizunguka tu inatumia kama wati 200 hadi 250. Saa-wati 59 ÷ 250 ni dakika 14. Weka saa ya rimoti dakika 9 mwanzoni, tua, angalia chaja imerudisha mAh ngapi. Ikirudisha 2,800 unaweza kuongeza dakika mbili. Ikirudisha 4,000 uko mwisho, usiguse.

Halafu suala la mvua, ambalo huku ni la kila siku. Mmechaji pakiti nne asubuhi, saa nane mchana wingu limetoka Nandi, hamna kuruka. Pakiti zilizojaa zikikaa siku kadhaa kwenye joto la Kisumu zinavimba. Uwezo wa kushusha wa chaja nyingi ndogo ni wati 5 hadi 10, utangoja usiku kucha. Chukua balbu mbili za gari za 12 V 21 W, ziunge mfululizo na plagi ya XT60, ziweke juu ya tofali. Zinavuta kama ampea 1.4 kwenye 4S. Pakiti ya 5000 inafika nusu kwa karibu saa moja na dakika 45. Weka kengele ya volti kwenye plagi ya kusawazisha na usiondoke. Balbu zinaunguza, na ukisahau zitaimaliza betri hadi sifuri.

Kuchaji ni nje au sakafu ya saruji, ndani ya boksi la chuma lililoachwa wazi kidogo. Si kitandani, si juu ya kochi.

#10 nyasi_za_kano (Ahero)

Uwanja. Kidege kinaruka kwenye uwanja wa shule. Hii inataka njia ya mita 80 hadi 100 kwa upana wa mita 10, na nafasi wazi ya mita 300 pande zote, bila nyaya za umeme upande wa kuingilia. Tambarare ya Kano inavutia, lakini angalia udongo: ule mweusi wa mfinyanzi ukilowa unashika magurudumu mpaka ndege inapinduka pua chini, na ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza gurudumu la milimita 60. Njia ya murram ni nzuri ila kokoto zinatafuna ncha za propela. Fagia mita 20 za kwanza, hapo ndipo throto inapanda huku ndege imesimama.

Upepo wa ziwa Kisumu unaanza kuingia kati ya asubuhi na adhuhuri na mchana unakaza. Asubuhi, saa moja hadi saa nne, ndiyo dirisha. Vilevile huko Nakuru wakati wa kiangazi, vumbi linaloinuka kwa kuzunguka karibu na ziwa si la kuchezea. Likipita njiani, subiri.

Watoto na ng'ombe watakuja. Mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu, asiwe anayeshika rimoti.

Na sheria: Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Usidhani "yangu ni modeli tu". Uliza KCAA kabla ya kuagiza, kwa sababu ruhusa ya kuingiza inatakiwa itangulie mzigo. Kisumu na Eldoret zina viwanja vya kimataifa, Lanet, Nakuru, kuna uwanja wa ndege. Kaa mbali kabisa na njia zao. Hifadhi ya Ziwa Nakuru usiiwaze.

#11 DadaEleroni (Kisumu)

Siku ya kwanza, kwa mpangilio ninaoona unafaa:

Nyumbani, pakiti ikiwa ndani, shika ndege kwa vidole viwili chini ya bawa kwenye asilimia 28 hadi 30 ya upana wa bawa kutoka mbele. Pua iiname kidogo sana. Telemaster na ndege nyingine zenye mkia unaobeba zina kipimo chao nyuma zaidi, fuata mchoro. Kisha ishike pua na mkia, uone bawa gani linaanguka. Gundi sarafu kwenye ncha ya bawa jepesi.

Bawa likifungwa kwa raba bendi, kumi na mbili, mbili za mwisho zikivukana. Bendi zilizokaa juani hupasuka. Zivute moja moja. Vipande vya tyubu ya baiskeli sivipendi, kimoja kinavuta hivi na kingine vile.

Uwanjani, zima rimoti mkiwa mmeishika ndege na propela imetolewa. Mota lazima isimame. Ikibaki inazunguka, mpangilio wa mawimbi yakikatika haujawekwa, na ndege itakayopotea itakwenda na throto yote mpaka Kericho. Kisha kipimo cha umbali cha rimoti, hatua 30, mara mota ikiwa imezimwa na mara ikiwa inavuma.

Rudisha propela. Swichi ya kufunga throto iwe imefungwa kabla ya kuunga betri, na mtu asiwe mbele ya propela wala sambamba nayo pembeni.

Kupaa: upepo wa mbele, eleveta juu kidogo kama ni ya gurudumu la nyuma, throto ipande kwa sekunde tatu hadi nne. Usiinyofoe ardhini mapema. Hewa yetu ni nyepesi. Ndege inayovutwa juu kabla ya mwendo inalala bawa la kushoto na kurudi chini. Iache ikimbie mita 10 zaidi ya unavyodhani.

Panda mita 60, punguza throto nusu, weka trimu (marekebisho madogo ili iende sawa ukiachia vijiti). Bawa tambarare chini litataka kupanda kila ukiongeza throto. Ikizidi, weka washa (vipete bapa vya bolti) mbili nyuma ya bolti za juu za mota ili pua ya mota iangalie chini nyuzi 2 au 3. Wengi hukimbilia mchanganyiko wa rimoti. Washa ni bora, hazisahauliki ukibadilisha modeli kwenye skrini.

Hapohapo juu, istoli makusudi: throto chini kabisa, eleveta juu taratibu, tazama inaanguka vipi na kwa mwendo gani. Unajifunza sura ya mwendo wa chini kabisa ukiwa na nafasi ya kurekebisha.

Kutua: anza mbali kuliko ulivyozoea. Kidege ukikata throto kinasimama; hii inaendelea kuteleza mita 60 au 80. Ingia na throto kidogo, pua chini kiasi, na ikifika kimo cha goti anza kuvuta eleveta kidogo kidogo. Ikipita nusu ya njia bado iko juu, throto, zunguka tena. Kugeuka chini chini huku upepo unakusukuma toka nyuma ndiko kunakovunja nyingi: jicho linaona inaenda kasi, kidole kinavuta eleveta kuipunguza, kumbe mwendo wake hewani ulikuwa mdogo tayari.

#12 soy_anga (Eldoret)

Swali kwa Menengai. 14x7 ni kipenyo cha milimita 356. Ndege hizi za LT-40 zilichorwa kwa injini ya mafuta yenye propela ya inchi 10. Kwenye mabua ya ngano yaliyokatwa huku Soy propela itakuwa inalima. Na gurudumu la mbele linapinda kila kutua kwa pili.

#13 MenengaiJuu (Nakuru)

Hapo umegusa. Njia mbili.

Ya kwanza, miguu. Badilisha magurudumu ya milimita 60 kwa ya 90, unapata milimita 15. Waya wa mguu wa mbele uwe milimita 4 wenye pindo la duara la springi, na mkono wa servo unaougeuza usiungwe moja kwa moja. Weka kiungo kinachoteleza kidogo ili pigo lisifike kwenye meno. Kwa mabua, gurudumu la mbele lingeondolewa kabisa ikawa ndege ya gurudumu la nyuma, miguu mikuu ikisogezwa mbele hadi ekseli iwe chini ya ukingo wa mbele wa bawa. Inapinduka pua mara chache kuliko inayobebwa na waya mmoja mbele.

Ya pili naipenda zaidi: mota hiyohiyo ya 700 Kv, ila 5S 4000 na propela ya 12x6. Itazunguka kama mara 10,400 kwa dakika, wati ni zilezile 600, ampea zinashuka hadi 33 hivi. Betri ina saa-wati 74 kama ya 4S 5000 na uzito ni karibu uleule, gramu 500. ESC ikubali 5S, BEC ikubali 5S, soma lebo zote mbili. Ufanisi wa propela ndogo ni mdogo kidogo wakati wa kupaa, lakini kwenye nyasi za Eldoret propela isiyogusa chini ina ufanisi kuliko iliyovunjika.

#14 soy_anga (Eldoret)

5S basi. Nafasi ya milimita ngapi unaacha kati ya ncha ya propela na ardhi ndege ikiwa sawa?

#15 MenengaiJuu (Nakuru)

25 kwenye murram. Kwenye mabua 50, na kata mabua hata hivyo.